Tuambieni Hali ya Mlima, Sio Kilele Tu

Sikizeni. Hii ni ya wale wanaopanga kupanda Mlima Kenya ama Kilimanjaro likizo hii, lakini zaidi ni ya sisi tunaoshika kamera.

Kila likizo ikikaribia, simu yangu yajaa theluji. Mtu wa Kibokoni, mtu wa Majengo, mtu wa Tudor, amesimama Point Lenana na jaketi jekundu, mikono juu, bendera yapepea, muziki wa kuinua roho. Chini ameandika, "Ni nia tu." Watu wanamiminika: "Umeua!" "Bei gani?" "Safari ijayo lini?" Hakuna hata mmoja anayeuliza lile swali ambalo babu yake mvuvi angeanza nalo: hali ilikuwaje?

Nasema bila kuremba. Ukiposti kilele bila kusema hali ya mlima, hujatupa habari, umetupa tangazo. Na tangazo hilo linapeleka watoto wa watu mahali ambapo mtu anaweza kufa, na wao wanaenda na raba na hudi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sina cheti cha jiografia wala cha udaktari. Lakini hesabu hii ni ya shule ya msingi, tuifanye pamoja. Kwa wastani, kila ukipanda mita 1,000 joto lapungua karibu digrii 6.5. Point Lenana iko mita 4,985, tuseme 5,000. Mombasa leo ni digrii 30. Toa 6.5 mara tano, yaani 32.5. Umebaki na digrii 2.5 chini ya sifuri, na hapo tumehesabu joto la mchana bila upepo. Sasa watu huanza kupanda Lenana saa nane ama saa tisa za usiku. Ongeza giza, ongeza upepo, ongeza soksi zilizolowa jana na hazikukauka. Hayo yote kwenye video ya sekunde thelathini huyaoni.

Bado hewa. Kwenye mita 5,000 mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hivyo kila pumzi unayovuta ina karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mtu wa Nairobi analala kila siku kwenye mita 1,700 hivi. Mtu wa Nanyuki yuko juu zaidi ya hapo. Wewe wa Kuze ukifungua dirisha waona maji ya bandari ya kale. Mwili wako unaanza kutoka sifuri, halafu unaambiwa ufuate ratiba ile ile ya mtu wa bara.

Na ratiba yenyewe mwaijua. Basi la usiku mpaka Nairobi, matatu mpaka Nanyuki, geti la Sirimon. Usiku wa kwanza Old Moses, mita 3,300 hivi. Usiku wa pili Shipton, mita 4,200 hivi. Alfajiri ya tatu, Lenana. Madaktari wa mambo ya milima wana kanuni inayojulikana dunia nzima: ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pako pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kutoka Old Moses mpaka Shipton ni mita 900. Karibu mara mbili ya kanuni, kwa mtu ambaye juzi alikuwa anakula viazi karai Old Town.

Wengi wanapita salama, sikatai. Lakini wengine kichwa chawauma, wanatapika, wanakosa usingizi. Hapo ni mwanzo. Ikizidi, mtu anaanza kuyumba kama mlevi na kuongea vitu havina maana, manake ubongo umeanza kuvimba. Ama anakohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa, manake mapafu yanajaa maji. Dawa ya kwanza hapo ni moja: shuka. Usingoje asubuhi, usingoje "tupige picha kwanza". Shuka sasa hivi, na usimwache ashuke peke yake.

Kwa hivyo ukiniambia "ni nia tu", nakuuliza: nia hio inakaa wapi kama sio kwenye huo ubongo? Kitu cha kwanza mlima unachokupokonya ni akili ya kujua kwamba umeanza kupotea. Yule beshte aliyesema "niko sawa, twende" saa kumi za usiku huenda ndiye mgonjwa kuliko wote.

Halafu kuna wale wajuaji. "Theluji yetu ni kidogo bana, hii si Ulaya, hakuna maporomoko ya theluji hapa."

Haya, tuanze na Ulaya. Poromoko la theluji la hatari zaidi kwa wasafiri ni lile ambapo tabaka zima la theluji lakatika kama ubao na kuteremka kwa pamoja. Mara nyingi hutokea kwenye miteremko ya kati ya digrii 30 na 45, ambayo ndio hasa watu wanapenda kupita. Na kwenye ajali nyingi, aliyelikata ni msafiri mwenyewe ama mwenzake, kwa uzito wa miguu yao. Akifukiwa, dakika 15 za kwanza ndizo zenye matumaini makubwa. Baada ya hapo nafasi ya kumtoa hai yaanguka vibaya.

Sasa, wenzetu wamefanya nini? Uswizi kuna taasisi Davos ambayo msimu wa baridi hutoa taarifa ya hatari ya theluji kila siku. Ulaya tangu 1993 wana kipimo kimoja, kutoka 1 mpaka 5. Mtu wa huko kabla hajafunga viatu ameshasoma leo ni ngapi, upande upi wa mlima, kuanzia kimo gani. Na bado watu wanakufa! Wenye taarifa kila siku wanakufa, wewe waenda na maneno ya mtu wa TikTok.

Ni kweli, milima yetu haina theluji nene ya Alps. Lakini mjuaji huyu anafikiri kama hakuna hatari ile basi hakuna hatari. Mlima Kenya theluji yaweza kushuka usiku, ikayeyuka kidogo, ikaganda tena kabla ya alfajiri. Wewe wapita hapo saa kumi na moja na taa ya kichwani. Huoni theluji nyeupe ya picha, waona jiwe jeusi linalong'aa. Ule mng'ao ni barafu. Ukiteleza pale hakuna anayehesabu theluji ilikuwa sentimita ngapi.

Saa tatu asubuhi jua limepiga, barafu inaachia, na mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu usiku kucha yaanza kushuka. Ndo maana waongozaji wanakuharakisha. Wewe wadhani wamechoka na droni yako. Wao wanayajua yale mawe.

Mwataka mfano? Kilimanjaro, njia ya Western Breach, Januari 2006. Mawe yaliporomoka upande wa magharibi wa Kibo na kuwaua wapandaji watatu kutoka Marekani, wengine wakaumia. Njia ikafungwa. Hawakufa kwa kukosa nia. Barafu iliyokuwa imeshika mawe ilikuwa inayeyuka, na mawe hayakuwa na kitu cha kuyashika tena.

Hilo linazidi kila mwaka. Barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya 1912 na 2007. Lewis, barafu kubwa ya Mlima Kenya, ilikuwa imepoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kutoka 1934 mpaka 2010. Watu wanalia kwamba theluji yaisha, na ni haki kulia. Lakini elewa na upande wa pili: mlima unaoyeyuka unabadilika. Njia iliyokuwa barafu ngumu miaka ishirini iliyopita leo ni kokoto na mawe yanayocheza. Ramani ya zamani yakudanganya. Video ya mwaka juzi yakudanganya.

Tena video ya Julai yaweza kukudanganya Januari. Tuko karibu na ikweta. Kuanzia Juni mpaka Septemba jua liko upande wa kaskazini, kwa hivyo nyuso za kusini za mlima zinabaki na barafu. Disemba mpaka Machi mambo yanageuka. Mlima ni ule ule, upande ni tofauti, hali ni tofauti. Halafu wewe waniposti theluji bila tarehe na bila kusema ulipita njia gani, nifanye nayo nini?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi ndio watu wa mwisho wa kukosa adabu hii. Sisi ni watu wa bahari! Hakuna mvuvi wa kisiwa hiki anayesukuma dau bila kuuliza. Kusi lavumaje? Ni bamvua ama maji mafu? Mkondo wa mlangoni uko vipi? Nahodha akisema leo hatutoki, hakuna mtu anamwita mwoga. Mvuvi aliyerudi mapema na ngalawa tupu hukaa barazani, akanywa kahawa yake, na wazee wakamheshimu. Lakini kijana akigeuka kutoka Lenana zikiwa zimebaki mita mia mbili, hana posti. Ati "hakufika". Tumeweka wapi akili ya babu zetu?

Na mwajua historia yetu na hii theluji? Mwaka 1848 mmishonari Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai hapa nyuma yetu, alitembea mpaka nchi ya Wachagga. Tarehe 11 Mei akaona kitu cheupe juu ya mlima. Mzungu anafikiri ni wingu. Kiongozi wake wa msafara alikiita kile cheupe kwa neno moja tu, na Rebmann akaliandika: baridi. Kule London msomi William Desborough Cooley akakataa kwa miaka kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta, na hakuwahi kufika. Mimi nampenda yule kiongozi. Hakusema "mrembo". Hakusema "safi sana". Alitaja hali. Kazi ya kontenti ameifanya kwa neno moja kuliko sisi na rili mia.

Najua watakaosema: "Wewe wavunja watu moyo. Watoto wa pwani ndo wameanza kutoka, wewe wawatisha." La. Nataka twende. Nataka msichana wa Mji wa Kale afike Lenana na buibui lake liko kwenye begi. Milima hii ni yetu kama bahari ilivyo yetu. Lakini heshimu njia ya kufika. Mwangalieni James Kagambi. Mei 2022 amekuwa Mkenya wa kwanza kufika kilele cha Everest, akiwa na miaka 62. Kabla ya hapo alikuwa ametumia miongo akifundisha watu kupanda na kuishi mlimani. Mnaposti picha yake na "ni nia tu". Ile ni nia ya miaka mingapi?

Na hata ujuzi haukupi ruhusa ya kudharau. Septemba 1970, madaktari wawili kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa karibu na kilele cha Batian hapo Mlima Kenya. Jiwe liling'oka, Judmaier akaanguka na kuvunjika mguu vibaya. Kumteremsha kulichukua siku nyingi. Watu walipanda kutoka hapa, wengine wakapanda ndege kutoka kwao Austria kuja kumwokoa. Judmaier alipona. Lakini rubani wa helikopta aliyekwenda kusaidia, Jim Hastings, alianguka na chombo chake akafa. Aliyeanguka kwanza akarudi kwao, aliyekuja kumsaidia hakurudi.

Hio ndo sehemu ambayo hakuna mtu wa kontenti anaitaja. Hali mbaya ya mlima hailipwi na wewe peke yako. Inalipwa na askari wa KWS anayeamshwa usiku akubebe. Inalipwa na mpagazi aliyebeba hema lako, sufuria zako na betri za droni yako, yeye mwenyewe amevaa jaketi linalopitisha upepo. Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka Everest ikaua watu 16. Wote walikuwa Wanepali waliokuwa kazini, wanawatengenezea wengine njia. Mei 2024, Cheruiyot Kirui wetu alipofariki karibu na kilele kile akijaribu kufika bila oksijeni ya chupa, nchi nzima tulilia. Nawang Sherpa, mwongozaji aliyekuwa naye, alifariki pia. Ni wangapi kati yetu walimtaja? Mungu awarehemu wote wawili.

Kwa hivyo ukisema "hatari ni yangu mwenyewe", hapana. Ukikaidi kugeuka, kuna mtoto wa mtu mwingine anayelazimika kubaki na wewe pale kwenye baridi.

Na nyinyi mnaouza pakeji. Kuna mmoja, simtaji, alinitumia ujumbe nimtangazie safari. Siku tatu, droni bure, fulana bure, "kilele ni uhakika". Nikamuuliza mambo matatu: mgonjwa akizidiwa anashuka na nani, wapagazi wanabeba kilo ngapi, na wiki hii juu kukoje. Akanijibu, "Hayo tutapanga tukifika, wewe weka posti." Sikuweka. Mtu anayekuuzia kilele cha uhakika anakuuzia kitu ambacho si chake. Mlima haujamwahidi.

Basi tuanze sisi, hatungoji serikali. Mtu yeyote wa pwani akiposti mlima, aweke haya kwenye maelezo:

Tarehe na saa uliyofika hapo, na njia uliyopita.

Chini ya miguu kulikuwaje: kavu, matope, theluji mpya, ama barafu iliyoganda. Kama uliona mawe yakishuka, sema wapi na saa ngapi.

Upepo na baridi ya usiku, na ulivaa nini hasa. Kama jaketi lilikuwa la mtumba wa Kongowea na likakufaa, tuambie, wengi hatuna pesa ya dukani.

Ulilala usiku mangapi kabla ya kilele, na kwenye mita ngapi.

Nani aligeuka na kwa nini. Akikubali, mpe nafasi aseme mwenyewe, kwa sababu yule ana somo kuliko wewe uliyefika.

Jina la mwongozaji na wapagazi, wakiridhia. Waliokutoa salama ni wao.

Na kabla hujatuma M-Pesa kwa mtu yeyote, muulize: mwongozaji wenu ana ruhusa ya kugeuza kundi zima bila kugombezwa? Kuna usiku wa ziada wa kuzoea kimo, hasa kwa sisi tunaotoka baharini? Mtu mmoja akiugua, kuna mwongozaji wa pili wa kushuka naye? Wiki hii juu kuna nini? Akikujibu "usijali", jali. Tafuta mwingine, hata kama ni ghali kidogo. Kama huna pesa ya siku tano, ngoja mwakani. Mlima hauendi popote, hata kama barafu yake inaenda.

Wale mabeshte wangu wa kamera, najua mtasema maelezo marefu yaua kontenti. Sawa. Jaribuni mara moja. Pigeni video ya jiwe lile jeusi linalong'aa, mulike na taa, mwambie mtu, "Hii ni barafu, tumepita pembeni hivi." Watu wataangalia. Na kuna mmoja, humjui, atakumbuka saa kumi na moja alfajiri, na mguu wake hautakanyaga pale.

Mimi kuanzia leo sishiriki posti ya theluji isiyo na tarehe. Mkinitumia nitawajibu neno moja: hali?